Je, Kunyamaza Ni Kuiba?



Katika kijiji chetu, kando ya ziwa Tanganyika, kati ya Kalemie na Moba, siku za mwezi mpevu wavuvi wa ndagala hawaendi ziwani. Ndagala hufuata mwanga wa taa katika giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa zetu hazina kazi. Basi watu hukaa pwani. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi kwa pamba na lami, wanafanya biashara. Ndizo siku ambazo mitumbwi na motere zilizokwisha kutumika hupata wenyewe wapya. Nimesikia pale maneno mengi ya kuuza na kununua, na kila mara neno moja linarudi: "Mnunuzi ana macho. Atazame mwenyewe."

Neno hili nataka tulipime pamoja leo. Je, ni neno la haki? Mtu anauza mtumbwi na motere yake. Anajua ubovu ambao mnunuzi hauoni. Hasemi uongo hata mmoja, ananyamaza tu. Je, ametenda zambi? Na kama ametenda zambi, ni zambi ya namna gani: ya uongo, au ya wizi?

Swali hili sikulitafuta katika vitabu. Lilikuja mlangoni pangu, nalo lilinikuta mimi mwenyewe mwenye kosa.

Mtumbwi wa baba yetu

Baba yetu alikuwa mvuvi. Alipokufa alituachia mtumbwi wa mbao wa meta 7, na motere ya nguvu za farasi 15 ya kufungwa nyuma. Mimi nilikuwa nimesoma seminarini miaka kadhaa, kisha nikarudi nyumbani na kuwa katekista. Kazi ya ziwa sikuifanya. Mdogo wangu alivua kwa mtumbwi ule mwaka mmoja. Halafu tukapatana kuuza vyote, kwa sababu wadogo zetu wawili walitakiwa kulipiwa masomo.

Akaja baba mmoja kutoka kijiji cha kusini, mwenye watoto watano, mtu mpole. Alipapasa mbao, akagonga hapa na pale. Akavuta kamba ya motere. Mara ya pili ikawaka. Akaenda mbele ya kijiji dakika kumi, akarudi anacheka. Tukapatana dola 1,800 kwa mtumbwi na motere, akahesabu feza zake mbele ya mashahidi wawili.

Lakini mimi na mdogo wangu tulijua jambo moja. Motere ile iliwahi kuanguka majini, ikalala ziwani usiku kucha. Fundi aliifungua, akaikausha, akaifunga tena. Tangu siku ile iliwaka vizuri ikiwa baridi. Lakini ikitembea muda wa saa moja na mzigo, ikipata moto sana, nguvu inapungua, kisha inazimika. Nayo haiwaki tena mpaka ipoe.

Yule baba aliuliza: "Inawaka vizuri siku zote?" Mdogo wangu akajibu: "Umeiona mwenyewe." Mimi nilikuwa nimesimama karibu, mikono nyuma, nikanyamaza. Jioni mdogo wangu akaniambia: "Yaya, hatukusema uongo." Nikamjibu: "Ndiyo, hatukusema uongo." Neno hilo lilikuwa kweli kabisa. Lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Baada ya majuma matatu yule baba akarudi. Nilipomwona mbali njiani, nilijua amekuja kutugombeza, nikaanza kutengeneza majibu moyoni. Kumbe hapana. Alikuja kuomba shauri. Akasema: "Katekista, nafikiri mimi ndiye nisiyejua kuitunza. Kwa marehemu baba yenu motere hii ilifanya kazi miaka, kwangu inazimika. Nionyesheni alivyokuwa akiitendea." Alikuwa amekwisha kununua buji mpya, amemlipa fundi mara mbili. Tena usiku mmoja yeye na kijana wake wa miaka 14 walizimikiwa mbali na pwani, wakati upepo wa kusini wa kiangazi ulipoanza kuinua mawimbi. Walipiga kasia mpaka kulipokucha.

Tazameni jambo hili vizuri. Mtu huyu hakutushitaki. Alijishitaki mwenyewe. Kimya chetu hakikumpotezea feza tu. Kilimfanya ajione mjinga mbele ya mke wake na mtoto wake, kwa kosa ambalo lilikuwa letu.

Mabishano ya zamani

Baada ya siku ile nilifungua tena madaftari yangu ya seminari, nikakuta kwamba watu wa kale walikwisha kubishana juu ya swali hili hili. Cicero, mwandishi wa Roma, katika mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristu, alimwandikia mwanawe kitabu juu ya mambo yanayompasa mtu. Humo anasimulia mabishano ya wana-filozofia wawili, Diogenes wa Babeli na Antipatro mwanafunzi wake.

Mfano wao ni huu. Mfanyabiashara mmoja analeta ngano kutoka Aleksandria mpaka kisiwa cha Rodo, ambako kuna njaa na bei imepanda sana. Yeye anajua kwamba merikebu nyingine nyingi za ngano zinakuja nyuma yake. Watu wa Rodo hawajui. Je, awaambie, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Tena kuna mfano wa pili: mtu anauza nyumba yake. Mbao zake ni mbaya, karibu itaanguka, na nyoka wanatokea katika vyumba vya kulala. Lakini hakuna ajuaye ila mwenye nyumba. Aseme, au anyamaze?

Diogenes anajibu: Kunyamaza si kuficha. Muuzaji aseme yale ambayo sheria inamwamuru kusema, asidanganye, basi. Hakuna aliyemlazimisha mnunuzi. Antipatro anajibu: Hapana. Mtu akipotea njia nawe unaijua, kutomwonyesha ni ubaya. Na mtu huyu unamwacha apotee kwa makusudi, ili upate feza zake. Cicero mwenyewe anakata shauri upande wa Antipatro. Kuficha, asema, ni kutaka mwenzako asijue unachojua wewe, kwa sababu kutojua kwake ni faida yako.

Ninyi mnaokaa pwani, mmemtambua Diogenes? Ndiye anayesema nasi kila mwezi mpevu: "Mnunuzi ana macho." Neno letu si la wazee wetu peke yao, ni la kale sana, na lilikwisha kupata jibu kabla ya Evanjili kuhubiriwa.

Mafundisho ya Mtakatifu Toma

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliandika juu ya udanganyifu wa kuuza na kununua katika Summa yake, fungu la pili la sehemu ya pili, swali la 77. Yeye hasemi kwa haraka "ndiyo" wala "hapana". Anagawanya mambo, nasi tumfuate.

Kwanza, kuna ubovu unaoonekana. Mtu akiuza farasi mwenye jicho moja, hana haja ya kupiga kelele kwamba jicho moja halipo; kila mtu analiona. Kitu kimoja tu kinamlazimu: ashushe bei kadiri ya ubovu huo. Hivyo kwetu, ubao uliopasuka juu ya mtumbwi, au kifuniko cha motere kilichovunjika, unajisema wenyewe.

Pili, kuna ubovu uliofichika, wenye kuleta hasara au hatari. Hasara ni pale kitu kinapofaa kidogo kuliko bei yake. Hatari ni pale kitu kinapoweza kumwumiza anayekitumia. Toma anataja farasi kilema anayeuzwa kama mkimbiaji, nyumba inayokaribia kuanguka inayouzwa kama nyumba imara, na chakula kilichooza kinachouzwa kama chakula kizuri. Hapo muuzaji anapaswa kusema. Asiposema, ameuza kwa hila, na hasara inayotokea anapaswa kuilipa.

Tatu, kuna ubovu ambao muuzaji mwenyewe hakuujua. Huyo hakutenda zambi. Lakini siku anapoujua, anapaswa kumtengenezea mnunuzi hasara yake.

Na mfanyabiashara wa ngano? Hapo Toma ni mpole. Merikebu zinazokuja si ubovu wa ngano. Ni habari ya soko la kesho. Kwa haki kamili halazimiki kusema, ingawa akisema, au akishusha bei, anaonyesha wema mkubwa zaidi. Basi mtu wa Kalemie akisikia kwamba motere nyingi zitashushwa bandarini mwezi ujao na bei itaanguka, anaweza kuuza yake leo bila kutangaza habari hiyo. Lakini ubovu ulio ndani ya motere yenyewe si habari ya soko. Ni sehemu ya kitu anachokitoa mkononi mwake.

Mahali macho hayafiki

Sasa turudi kwa lile neno, "Mnunuzi ana macho." Ni kweli, anayo. Lakini macho yanaona nini katika mtumbwi na motere?

Rangi mpya inafunika mbao zilizooza karibu na mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba mtumbwi mzima. Ubao wa nyuma unaobeba motere unaweza kuwa umelowa na kuwa laini kama mhogo uliopikwa, hasa kwenye matundu ya bolti, na juu yake ukang'aa. Motere iliyolala majini inashika kutu ndani, mahali ambapo hata fundi haoni asipoifungua. Mafuta ya meno ya chini, yakiwa meupe kama maziwa, yanaonyesha kwamba maji yanaingia. Lakini ni wangapi wanaofungua skrubu na kuyatazama? Na motere yetu sisi, ambayo ubovu wake ulionekana baada ya saa moja ya kazi, dakika kumi za mbele ya kijiji zingeonyesha nini?

Sisemi kwamba mnunuzi alale. Kuuliza si ujinga. Anayetaka kununua aje wakati motere ni baridi, aguse mwenyewe kwa mkono kabla haijawashwa, kwani motere iliyopashwa moto kabla yake inaweza kuficha uvivu wa kuwaka. Aijaribu na mzigo, saa nzima, si dakika kumi. Achome mbao za chini kwa ncha ya kisu. Afike na fundi anayemwamini. Aandike karatasi yenye bei, namba ya motere, majina ya wote wawili na ya mashahidi. Hayo yote ni busara. Lakini busara ya mnunuzi haiondoi deni la muuzaji. Mwenye nyumba akisahau kufunga mlango, mwizi hageuki kuwa mgeni.

Kwa nini kimya ni wizi

Watu wengi wanakubali kwamba kunyamaza hivyo si vizuri, lakini wanakiweka kimya katika zambi ndogo ndogo za mdomo. Mimi pia niliwaza hivyo. Kisha nikafanya hesabu.

Dola 1,800 ni bei ya nini? Ni bei ya mtumbwi na ya motere inayompeleka mtu ziwani na kumrudisha. Sisi tulimpa motere inayompeleka, na haijulikani kama itamrudisha. Motere ya namna hiyo nayo ina bei yake, lakini ni ndogo zaidi. Katikati ya bei hizi mbili kuna feza. Feza zile ni za nani? Si zetu, kwani hatukutoa kitu chochote badala yake. Ni za yule baba. Zilikuwa zimelala katika sanduku letu, nasi tuliziita faida. Kushika mali ya mwenzako bila yeye kukubali, hilo lina jina moja katika katekismu. Msiniambie alikubali: alikubali motere aliyofikiri anainunua, si ile tuliyomuuzia.

Kwa hiyo kimya chetu hakikukosa amri ya nane peke yake. Kilivunja amri ya saba. Tena kilikaribia amri ya tano, inayolinda uzima wa mtu. Mtumbwi si kiti wala sahani. Ziwa letu lina kina cha meta 1,470. Katika dunia nzima ni Baikal peke yake linalolipita kwa kina. Baba anayenunua mtumbwi anampandisha mtoto wake ndani. Anayemficha ubovu wa motere anaweka mkono wake juu ya mtoto ambaye hamjui hata jina.

Hata sheria ya nchi yetu inasema hivyo. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo kwa miaka mingi wanasheria wetu wameihesabu kuwa kitabu cha tatu cha sheria za raia, inamtaka muuzaji ajibu kwa ubovu uliofichika. Lakini ni nani wa vijiji vyetu atakayepanda gari au mashua, siku mbili au tatu, kumtafuta hakimu kwa ajili ya motere kuukuu? Hakimu yuko mbali. Zamiri iko karibu. Nayo haihitaji nauli.

Majibu kwa wanaobisha

Mmoja ataniambia: "Katekista, mimi nami niliuziwa hivyo hivyo. Nitapata wapi feza zangu?" Ndugu yangu, hasara yako ni ya kweli, na aliyekuibia ana deni kwako. Lakini huyu anayekuja leo si yeye aliyekuibia. Ukimlipisha yeye, wizi mmoja umekuwa wizi wawili. Naye atamtafuta wa tatu. Hivyo motere moja mbovu inaweza kuzunguka ziwa zima na kufanya wezi kumi, wote wabatizwa.

Wa pili ataniambia: "Nikitangaza ubovu, hakuna atakayenunua, na watoto wangu hawatasoma." Toma alikwisha kuliona neno hili. Hakuamuru mtu atume mpiga mbiu sokoni kutangaza ubovu wa mali yake. Maana watu wangekimbia kabla ya kuona yaliyo mazuri ndani yake. Anataka hivi tu: yule anayekuja kununua, aambiwe yeye mwenyewe, apime mabaya na mema pamoja. Motere inayozimika baada ya saa moja inaweza kumfaa mtu anayevua karibu na pwani, au fundi anayetafuta vyuma vyake. Watauziwa kwa bei yake. Kizuri chajiuza, wasema Waswahili. Nami naongeza kwamba kibovu nacho chaweza kuuzwa, kikiuzwa kwa jina lake.

Wa tatu ataniambia: "Nilimwambia ni ya zamani, tena bei ilikuwa ndogo. Ajue mwenyewe." Kama bei ilishushwa kwa ajili ya ubovu ule, na mnunuzi aliujua, umemaliza. Lakini kusema "ni ya zamani" ni kusema neno kubwa ili kuficha neno dogo. Zamani kila mtu anaiona. Mwambie lile dogo. Na ubovu ukiwa wa hatari, bei ndogo haitoshi kuufunika. Hakuna baba anayekubali kupunguziwa dola mia ili mtoto wake azame.

Neno kwa mnunuzi

Wasomaji wengine wamefurahi mpaka hapa, kwa sababu wao ni wanunuzi. Wasifurahi upesi. Kitabu cha Mezali ya Biblia kinamchora mnunuzi anayesema mbele ya mwenye mali kwamba kitu ni kibaya, kibaya. Akiisha kwenda zake nacho, anajisifu. Huyo nasi tunamjua.

Mvuvi anakufa. Mjane wake hajui bei ya motere. Anakuja jirani, anatikisa kichwa, anasema, "Mama, chuma hiki kimekufa, nakuhurumia tu," anatoa dola mia mbili kwa kitu cha dola elfu moja. Toma anafundisha kwamba muuzaji akidhani kitu chake ni shaba, kumbe ni zahabu, mnunuzi anayejua na kunyamaza ananunua bila haki, na anapaswa kurudisha. Na Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 13 cha maandiko yake juu ya Utatu, anamkumbuka mtu aliyeletewa kitabu na mwenye kukiuza asiyejua kazi yake, akakitaja kwa bei ndogo sana. Yule mtu akampa bei ya haki, kubwa kuliko aliyoombwa. Augustino hakutaja jina lake. Nawaza kwamba mjane wa kijiji chetu angelijua jina la mtu wa namna hiyo, na angelitaja katika sala zake.

Tena kuna motere zinazokuja usiku, bei yake ni nusu, hazina karatasi, na namba yake imefutwa kwa tupa. Anayenunua hiyo asiseme kwamba hakujua. Tupa ilimwambia. Mahali fulani kando ya ziwa hili, lenye nchi nne, kuna mvuvi aliyeamka asubuhi akakuta mtumbwi wake hauna motere.

Kurudisha

Nawarudisheni kwa yule baba aliyekaa mlangoni pangu, akingoja nimfundishe kutunza motere.

Nilimwambia yote: usiku ule majini, fundi, saa moja ya moto, na kwamba nilijua nilipokuwa nimesimama na mikono nyuma. Nilingoja hasira yake. Alikaa kimya muda mrefu, akitazama chini. Kisha akasema neno moja tu: "Kumbe si mimi."

Nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, kisha akaniuliza: "Mtarudisha lini?" Nilikuwa nimetayarisha machozi, sikuwa nimetayarisha tarehe. Lakini Kanisa linafundisha hivyo tangu zamani: mali ya mwenzako ikiwa mkononi mwako, majuto bila kurudisha ni maneno. Zakayo, siku Bwana Yezu alipoingia nyumbani mwake, hakusema tu kwamba anasikitika. Aliahidi kurudisha mara nne.

Mdogo wangu alikataa. "Feza zimekwisha kwenda shuleni," akasema, "nawe uliyaona yote ukanyamaza. Sasa wataka kuwa mtakatifu kwa mfuko wangu?" Alikuwa na haki ya kuniambia hivyo. Mimi niliyesoma ndiye niliyepaswa kusema kwanza. Tulimwita fundi mwingine; akasema kwamba sehemu ya kutoa cheche imeharibika, na vyuma vya ndani vimeanza kuliwa na kutu. Tukahesabu: dola 400 za bei iliyopita haki, dola 70 za buji na mafundi, na kitu kidogo kwa siku za kazi alizozipoteza. Niliuza baiskeli yangu. Zilizobaki tulilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Malipo ya mwisho alikwenda kuyapeleka mdogo wangu mwenyewe, kwa miguu, bila kuniambia. Sikumwuliza walisema nini.

Motere ilitengenezwa. Lakini nasikia kwamba yule kijana mpaka leo, kabla ya kupanda mtumbwini, anaweka mkono wake juu ya motere, na baba yake akitaka kwenda mbali, yeye anataka wakae karibu na pwani. Hilo hatukuweza kuliweka katika hesabu. Kuna vitu ambavyo kimya kinavichukua, na mwenye kunyamaza hana tena njia ya kuvirudisha. Ndiyo sababu ni heri kusema kabla.

Sisi watu wa pande hizi tunaisikia amri ya saba tangu Mapadri Weupe walipofika Mpala mwaka 1885. Tunaijua kwa moyo kanisani. Imebaki kuishusha mpaka pwani, pale mitumbwi inapouzwa. Kumbukeni kwamba Bwana Yezu alipotaka kuwafundisha watu, alipanda katika mtumbwi wa Petro mvuvi, akakaa ndani yake. Alikaa juu ya mbao, kama sisi tunavyokaa, akitumaini kwamba zinabeba.

Siku za mwezi mpevu zitakuja tena. Atakuja mtu, atapapasa mbao, atavuta kamba, naye ataona motere inawaka. Wewe unajua asichokijua. Usiweke mikono nyuma. Mwambie: "Ndugu, kabla hujatoa feza, keti kwanza. Nikuambie ubovu wake."